Mashini haijafa: historia ya pasta nyeupe iliyo chini ya feni ya kompyuta

Wasikilizaji na wasomaji wetu, ninyi mlio mjini, ninyi mlio kambini na ninyi mliopokelewa kwa jamaa, leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kama punje ya mchele. Kinakaa ndani ya karibu kila kompyuta, katikati ya prosesa na kile chuma cha kuipoza, na watu wengi hawajawahi kukiona. Lakini kikikauka, kazi inasimama.

Hali mnaijua. Kijana ana laptopu moja, ameiweka kwenye meza ya mbao kando ya barabara, anaandikia watu barua, anachapisha CV, anajaza atestasio ya kupoteza vitambulisho kwa familia zilizokimbia bila kubeba karatasi hata moja. Laptopu hiyo ndiyo shamba lake. Siku moja feni inaanza kulia kama mbu, mashini inakuwa moto kama mbabula, kiisha inazimika yenyewe. Akiiwasha tena, inakaa dakika 10. Mara ya tatu, dakika 5. Anaipeleka kwa fundi wa kwanza anayemwona, naye anasema: prosesa imekufa, au kadi mama imeungua, niuzie nikatoe vipande. Kijana anauza. Wiki mbili baadaye laptopu ileile iko kwenye meza ya mtu mwingine, inafanya kazi vizuri.

Hiyo si uchawi. Mara nyingi mashini ya namna hiyo haikufa. Ilikuwa inajizima ili isife. Kwa kuelewa sababu yake, tunapashwa kurudi nyuma miaka karibu 80, na kwa njia hiyo tutapita pia hapa kwetu Kongo, huko Katanga, mahali ambapo wengi hawangetarajia.

Kila umeme unaopita ndani ya kitu unaacha joto. Kompyuta haina namna ya kuepuka hilo. Ile mashini kubwa ya Marekani iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwezi wa pili mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilikuwa na taa za kioo karibu 18000, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Hesabu mwenyewe: ni kama pasi za umeme 150 zinazowaka pamoja katika chumba kimoja. Waliipoza kwa kusukuma hewa tu, kwa mafeni makubwa. Hakukuwa na pasta yoyote, kwa sababu taa ya kioo lazima iwe na moto ndani yake ndipo ifanye kazi. Joto lilikuwa adui wa chumba, wa wafanyakazi na wa kioo kinachopasuka, lakini halikuwa adui wa kazi yenyewe.

Mambo yaligeuka mwezi wa 12 mwaka 1947. John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara ya Bell huko Marekani, pamoja na mkuu wao William Shockley, walitengeneza transista, kijiwe kinachofanya kazi ya taa bila kuhitaji kuwaka. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Nobeli. Transista ile ya kwanza ilitengenezwa kwa germanium.

Na hapa ndipo Kongo inaingia. Kipushi ni mji mdogo karibu na Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mgodi wake ulifunguliwa katika miaka ya 1920 na kampuni ya wakoloni, Union Minière du Haut-Katanga, wakauita kwa jina la mwana wa mfalme wao, Prince Léopold. Walichimba shaba na zinki. Lakini ndani ya mawe hayo kulikuwa pia na germanium, kwa wingi usio wa kawaida. Kuna jiwe moja lenye germanium ambalo lilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kipushi, likapewa jina renierite mwaka 1948, kwa heshima ya mtaalamu wa mawe Mbelgiji, Armand Renier. Angalieni tarehe: transista mwezi wa 12 mwaka 1947, renierite mwaka 1948. Katika miaka ya 1950, viwanda vya transista vilipokuwa na njaa ya germanium, Kipushi ilikuwa kati ya vyanzo vikubwa duniani. Jiwe lilitoka chini ya ardhi kwa mikono ya Wakongo, likaenda kusafishwa Ubelgiji, likaingia katika redio ndogo za transista. Baadhi ya redio hizo zikarudi Afrika kuuzwa. Hatusomeshwi hiyo shuleni, nami naona ni hasara.

Germanium ilikuwa na ugonjwa mmoja: haivumilii joto. Ikipita nyuzi 75 hivi za Selsiasi, inaanza kuvuja umeme. Umeme unaovuja unaleta joto zaidi, joto linaongeza kuvuja, kuvuja kunaongeza joto, mpaka transista inajiua yenyewe. Kwa mara ya kwanza joto likawa adui wa ndani. Mwaka 1954 kampuni ya Texas Instruments ikaanza kuuza transista za silikoni, ambazo zinaweza kufika nyuzi 150 bila kufa. Kidogo kidogo germanium ikaachwa. Kipushi iliendelea na shaba na zinki mpaka ikafungwa mwaka 1993, na uzalishaji wa zinki ukaanza tena mwaka 2024. Ishikeni hiyo zinki kichwani, tutairudia.

Silikoni nayo ina mpaka wake. Transista zilipoanza kubeba umeme mwingi, katika amplifaya na katika mashini za viwandani, mafundi wakazifunga kwenye kipande cha aluminiamu chenye mapezi kama ya samaki, ili joto lienee na hewa ilichukue. Chuma hicho tutakiita radiateri, kama ile ya gari. Walifunga kwa visi, wakakaza kwa nguvu, lakini transista ikaendelea kuungua. Kwa nini?

Twende taratibu hapa, maana hii ndiyo roho ya jambo lote. Chukua vipande viwili vya chuma vilivyosuguliwa mpaka ving'ae, uviweke kimoja juu ya kingine. Kwa jicho vinagusana kila mahali. Kwa darubini, la. Ni kama ungeigeuza milima ya Masisi juu chini na kuilalisha juu ya milima mingine: vilele vichache vinagusana, na mabonde yote yamebaki wazi. Mabonde hayo yamejaa hewa. Na hewa ni mbaya sana katika kupitisha joto. Ndiyo maana blanketi linakupa joto usiku: si pamba peke yake, ni hewa iliyofungwa ndani ya pamba. Wataalamu wanapima uwezo huo kwa namba. Shaba ina karibu 400. Aluminiamu ina zaidi ya 200. Hewa ina 0.026. Gawanya, utaona kwamba shaba inapitisha joto mara 15000 hivi kuliko hewa. Kwa hiyo ule utando mwembamba wa hewa, mwembamba kuliko unywele, unatosha kuzuia joto lisifike kwenye radiateri, hata radiateri ikiwa kubwa namna gani.

Walihitaji kitu cha kufukuza hewa hiyo kutoka mabondeni. Kitu laini kinachoenea, kisichokauka haraka, kisichopitisha umeme, kisichoyeyuka kwa moto. Kitu hicho kilikuwa kimeshazaliwa njiani, kwa kazi nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Frederic Kipping wa Nottingham alikuwa akifanya majaribio na silikoni, akapata ujiuji unaonata, na hakuona una faida kubwa. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric alipata njia rahisi ya kutengeneza vitu vya jamii hiyo. Mwaka 1943, katikati ya vita, kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani kwa kazi hiyo hasa. Kati ya bidhaa zake za kwanza kulikuwa na grisi ya kuziba sehemu za umeme za injini za ndege za kivita, ili cheche zisiruke ovyo ndege inapopanda juu sana ambako hewa ni nyepesi. Yaani babu wa pasta yetu alikuwa askari wa ndege.

Vita vilipokwisha, grisi ilibaki. Wakachukua ile grisi, wakachanganya na unga mweupe wa zinki iliyoungana na oksijeni. Grisi inaenea, unga unapitisha joto. Ndiyo hiyo pasta nyeupe. Unga huohuo wa zinki unapatikana katika marhamu ya ngozi ya watoto, na rangi yake ndiyo inayofanya pasta ifanane na dawa ya meno. Sisemi kwamba zinki iliyo ndani ya sindano unayouziwa sokoni ilitoka Kipushi. Nasema tu kwamba jiwe la transista ya kwanza na jiwe la pasta yake vilikaa katika mgodi mmoja, wetu.

Mafundi wa redio na amplifaya walikuwa wa kwanza kuishika. Mzee yeyote aliyetengeneza amplifaya za bendi au za kanisa anaikumbuka transista ile ya chuma yenye masikio mawili, kama 2N3055 ya kampuni ya RCA, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1960. Chini yake kulikuwa na karatasi ngumu inayopitisha mwanga, ya jiwe la mika, na pasta nyeupe imepakwa pande zote mbili. Mika inazuia umeme, pasta inafukuza hewa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pasta ni mambo ya vijana wa kompyuta, mwambie aende kwa mzee wa redio. Ujuzi huu ulifika hapa kabla ya kompyuta yenyewe.

Upande wa kompyuta kubwa za makampuni na majeshi, watu walijaribu njia nyingine nyingi, na baadhi zinashangaza. IBM, katika mashini yake 3081 iliyotangazwa mwaka 1980, iliweka zaidi ya chipu 100 katika boksi moja, na juu ya kila chipu pistoni ndogo iliyosukumwa na springi. Ile nafasi iliyobaki wakaijaza gesi ya heliamu badala ya hewa, maana heliamu inapitisha joto mara 5 au 6 kuliko hewa. Juu yake maji yalipita. Kiwanda kizima cha mabomba, kwa sababu ya yale mabonde madogo! Mwaka 1985 kompyuta Cray-2 ilizamishwa mzimamzima katika kimiminika kisichopitisha umeme, kama samaki. Zilikuwa mashini za serikali na za makampuni tajiri.

Mashini ya mtu wa kawaida ilikuwa bado baridi. Prosesa ya kwanza ya Intel, 4004, mwaka 1971, ilikuwa na transista 2300 tu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ile iliyoanzisha kizazi cha kompyuta za mezani tunazozijua, ilikuwa na prosesa 8088 iliyokaa uchi, bila radiateri, bila feni yake, bila pasta. Ungeweza kuweka kidole juu yake. Waliojifunzia kwenye mashini za zamani hizo wanajua kwamba zilikuwa pole sana, lakini hazikujua homa.

Homa ilikuja mwaka 1993 na Pentium. Transista milioni 3.1, na joto la wati 16 hivi, katika kitu kisichozidi kiganja cha mtoto. Kuanzia hapo radiateri na feni juu ya prosesa vikawa jambo la kawaida, na pasta ikatoka katika karakana ya fundi wa amplifaya ikaingia katika kila nyumba yenye kompyuta, ingawa wenye nyumba hawakujua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikatokea pasta zenye unga wa fedha, Arctic Silver ikiwa jina lililosikika zaidi, na vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kubishana juu ya pasta kama sisi tunavyobishana juu ya mpira.

Mwaka 2001 jambo moja lilitokea ambalo linagusa moja kwa moja yule kijana wetu wa kando ya barabara. Watu wa Tom's Hardware, jarida la kompyuta la kwenye intaneti, walichukua kompyuta kadhaa zikiwa zinafanya kazi, wakaziondolea radiateri huku kamera inarekodi. Prosesa Athlon ya kampuni ya AMD ilitoa moshi, ikafa kabla mtu hajamaliza sentensi. Pentium 4 ya Intel haikufa. Ilijipunguzia mwendo yenyewe, ikawa pole, ikasubiri. Video hiyo ilizunguka dunia nzima, na AMD iliona aibu. Baadaye ulinzi wa namna hiyo ukawa katika prosesa zote: zikipata moto zinapunguza mwendo, moto ukizidi kabisa zinakata umeme.

Kwa hiyo ile laptopu inayozimika yenyewe baada ya dakika 10 haituambii kwamba prosesa imekufa. Inatuambia kinyume: prosesa ni nzima, inajilinda. Mashini iliyokufa haiwaki kwa dakika 10 kila mara inapopozwa. Fundi asiyejua hilo hajui kazi. Fundi anayelijua na bado anakuambia uuze vipande, huyo nawaachia ninyi mmpe jina.

Miaka michache baadaye joto lilisimamisha hata wakubwa. Tayari mwaka 2001 Patrick Gelsinger wa Intel aliwaonya wahandisi wenzake kwamba, wakiendelea hivyo, chipu zingekuwa na joto kama la mtambo wa nyuklia kwa kila sentimita ya eneo. Mwaka 2004 Intel ilitoa aina mpya ya Pentium 4 iliyokuwa na wati 115 katika eneo la sentimita moja ya mraba na kitu kidogo. Pasi ya umeme yenye wati 1000 inasambaza joto lake katika bamba zima la kunyoshea nguo. Ukipima kwa kila sentimita, prosesa ile ilishinda pasi zaidi ya mara 10. Mwaka huohuo Intel ilifuta mradi wa prosesa iliyopaswa kufuata, ikageukia njia nyingine: badala ya injini moja inayokimbia mpaka kuungua, injini mbili zinazotembea. Laptopu nyingi za mitumba tunazotumia leo ni watoto wa uamuzi huo. Pasta haikuweza kuokoa kila kitu.

Hata wakubwa hao hawakuwa na msimamo juu ya pasta. Prosesa nyingi za mezani zina kifuniko cha chuma, na kati ya chipu na kifuniko kuna kitu cha kupitisha joto. Kwa miaka fulani Intel iliweka soda ya chuma hapo. Mwaka 2012 ikabadili, ikaweka pasta. Watu wakakasirika, wengine wakaanza kufungua vifuniko kwa wembe ili waweke pasta nzuri zaidi, na wengine wakaua prosesa zao. Mwaka 2018 soda ikarudi katika aina za bei ya juu. Hadithi hiyo ni ya Ulaya na Marekani zaidi, hatuna haja ya kukaa nayo.

Yetu ni tofauti, na ina mambo matatu.

La kwanza ni mlima. Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya bahari, na Goma na Bukavu ziko kwenye kingo zake. Hapa hewa ni nyepesi kuliko Mombasa au Matadi, pungufu kwa asilimia 15 hivi. Feni inazunguka mara zilezile, inasukuma ukubwa uleule wa hewa, lakini ndani yake kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Baridi yetu ya usiku inasaidia, lakini ndani ya kibanda cha bati saa saba mchana hakuna baridi ya kukutetea. Mashini iliyokuwa na nafuu kidogo kule ilikotoka, hapa nafuu hiyo imekwisha.

La pili ni vumbi. Mtu wa Goma hafundishwi vumbi. Makoro yaliyosagwa na magari, hasa tangu mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002 na ule wa mwezi wa tano mwaka 2021, yamekuwa unga mweusi unaoingia kila mahali. Katika laptopu unakaa kati ya feni na mapezi ya radiateri, unaunganika na nyuzi za nguo, unakuwa kama kipande cha blanketi. Hapo hata pasta mpya haina kazi: joto linafika kwenye mapezi, halipati pa kutokea.

La tatu ni umeme wenyewe. Pasta haifi kwa uzee tu. Kila mara mashini inapopata moto chuma kinatanuka, inapopoa kinanywea, na kila mwendo huo unasukuma grisi pembeni kidogo kidogo. Unga unabaki peke yake, unakauka, unapasuka kama udongo wa kiangazi, na hewa inarudi mabondeni. Mahali ambapo umeme unakatika mara sita kwa siku, laptopu isiyo na betri nzima inazimika na kuwaka mara sita. Ongeza kwamba mashini nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika miaka mingi katika ofisi za Ulaya au Dubai, na pasta ya kiwandani haijawahi kubadilishwa. Tunainunua kama mpya kwetu. Ndani ni mzee.

Sasa kazi yenyewe, maana wengine mtataka kujua kama fundi anaifanya sawa. Mashini inazimwa, betri inatolewa. Feni na radiateri vinafunguliwa, visi vikilegezwa kidogo kidogo kwa zamu, upande huu kisha upande wa kinyume, ili chuma kisielemee chipu upande mmoja na kuivunja pembe. Pasta ya zamani inafutwa yote, pande zote mbili, kwa kitambaa safi chenye alkoli ya dawa, mpaka chuma kionekane kama kioo kidogo. Petroli hapana. Wembe juu ya chipu hapana. Vumbi linatolewa kwa brashi, na mapanga ya feni yanashikwa kwa kidole yasizunguke.

Kisha pasta, na hapa watu wengi wanakosea wakidhani wanafanya wema. Wanapaka nyingi kama blubendi juu ya mkate. Kumbukeni zile namba: shaba karibu 400, hewa 0.026. Pasta ya kawaida ina 1 au 2, nzuri sana inafika 10 hivi. Ni bora kabisa kuliko hewa, lakini ni duni sana kuliko shaba. Kazi yake ni kujaza mabonde, si kujenga ukuta kati ya milima. Tone moja katikati, kama punje ya mchele kwa chipu ndogo ya laptopu, kama punje ya haragi kwa prosesa ya mezani yenye kifuniko. Radiateri inashushwa moja kwa moja, inakazwa kwa zamu, na mkazo huo ndio unaoeneza tone. Ukiishainua tena kwa kutaka kuchungulia, hewa imeingia: futa yote, anza upya.

Tunasikia pia juu ya dawa ya meno, mafuta ya nywele na vazelini. Dawa ya meno inafanya kazi kweli, kwa siku chache, kwa sababu ina maji na unga. Maji yakikauka unabaki na chokaa. Aliyekuwekea amekununulia wiki moja. Vazelini inayeyuka na kutiririka kwenye kadi mama. Na ile pasta ya chuma kimiminika yenye galiamu, ambayo vijana wanaiona kwenye video, iacheni: inapitisha umeme, na ikigusa radiateri ya aluminiamu inaila mpaka inavunjika kwa mkono.

Kwa hiyo ewe mama uliye na kibanda cha kuchapisha, ewe kaka unayetunza mashini ya redio ya mtaa ambayo ikizimika kambi nzima inakosa habari, mnapopeleka mashini kwa fundi, ulizeni maswali mawili kabla ya kusikia neno "imekufa". La kwanza: inawaka kwa muda kabla ya kuzimika, au haiwaki kabisa? La pili: fundi, umeifungua ukaona pasta yake, au umeisikiliza tu? Mwombeni aifungue mbele yenu. Pasta iliyokufa inaonekana kwa macho: imekuwa kavu, ya kijivu, inatoka kama magamba. Na ikishafungwa upya, msilipe papo hapo. Iwasheni, mpeni kazi ya kweli, video au faili nzito, mkae nayo nusu saa pale pale kwenye meza yake.